Ukuta wa nguzo zinazopishana bado unapitisha sauti: tafuta chanzo kabla ya kuongeza bodi

Vyumba vya chini ya ardhi si vingi upande wetu, lakini penye mteremko vipo. Riat juu ya Kisumu, Kisii mjini, mitaa ya Nakuru inayopanda kuelekea Menengai: barabara iko juu, jengo linashuka na kilima, na ghorofa ya chini kabisa ina kuta tatu zilizozikwa udongoni. Hivyo ndivyo vyumba vinavyopendwa na vijana wa studio, bendi za ohangla na benga, na kwaya zinazofanya mazoezi baada ya kazi. Pande tatu zinazuiwa na mawe na udongo bila gharama. Upande wa nne, unaotenganisha chumba na korido, duka au mpangaji mwingine, ndio unaojengewa ukuta wa mbao na jipsamu. Na ndio unaoleta simu: "Fundi, tulijenga vile ulivyosema, na jirani bado anasikia."

Ukuta ninaouzungumzia hujengwa hivi. Mbao ya inchi 6 kwa 2 inalala sakafuni, na nyingine kama hiyo inafungwa juu kwenye slabu. Kati yake zinasimama nguzo za 4 kwa 2, mstari mmoja ukiwa sawa na ukingo wa ndani wa ile 6 kwa 2, mstari wa pili ukiwa sawa na ukingo wa nje. Katika kila mstari, nguzo ziko inchi 24 kutoka kati hadi kati, na mistari miwili inapishana, hivi kwamba ukipita kando ya ukuta unakutana na nguzo kila inchi 12: hii ya ndani, ile ya nje. Bodi ya jipsamu ya ndani inafungwa kwenye nguzo za ndani peke yake, ya nje kwenye za nje. Kati ya mgongo wa kila nguzo na bodi ya upande wa pili inabaki nafasi ya inchi 2, na humo pamba ya madini inapita mbele ya nguzo hii na nyuma ya ile, kama ukili katika mkeka.

Nguvu yote ya ukuta huu iko katika zile inchi 2. Ukuta wa kawaida wa nguzo moja moja, bodi moja kila upande na uwazi mtupu katikati, huwa na kiwango cha STC, yaani namba ya uwezo wa ukuta kuzuia sauti ya hewani, cha karibu 35. Mtu akiongea kwa sauti kubwa upande wa pili unamsikia, na mengi unayaelewa. Nguzo zikipishana na pamba ikiwemo, bodi moja moja inakupeleka karibu 45, na bodi mbili mbili zinavuka 50. Ila namba hizo ni za ukuta ambao pande zake mbili hazigusani popote isipokuwa juu na chini, na ambao hauna mwanya wa hewa. Kuta nyingi nilizofungua baada ya malalamiko zilikuwa na bodi za kutosha. Zilikuwa zinagusana ndani, au zinavuja hewa. Ukiongeza bodi juu ya ukuta wa namna hiyo, umeongeza gharama na uzito, na sauti inaendelea kupita palepale.

Kwanza sikiliza, usibomoe

Chagua saa ambayo barabara imetulia na hakuna mvua. Weka spika katikati ya chumba, mbali na kuta, juu ya kipande cha sponji. Cheza vitu vitatu kwa zamu: mtu anayesoma taarifa ya habari, kisha matoazi au kayamba, kisha gitaa la besi peke yake. Funga mlango, toka nje, sikiliza kila kimoja kivyake. Programu ya simu ya kupima desibeli haikupi namba ya kupeleka mahakamani, lakini inatosha kulinganisha sehemu moja ya ukuta na nyingine, mradi utumie simu ileile na spika usiiguse.

Halafu fanya majaribio mengine mawili. La kwanza ni la kugonga: mwenzako agonge bodi ya ndani kwa kifundo cha kidole, futi moja kwa futi moja, nawe ubandike sikio bodi ya nje mkabala naye. La pili ni la usiku: zima taa za nje, washa tochi kali ndani, na mwanga uuelekeze kwenye pembe, sakafuni, juu kwenye slabu, kwenye soketi na pembezoni mwa mlango. Mahali mwanga unapochungulia, sauti inapita kwa raha. Pale usipoona mwanga lakini una shaka, washa kijiti cha udi na utazame moshi unavyovutwa.

Sasa fuata dalili inayofanana na yako.

Maneno na matoazi yanasikika wazi, besi si tatizo

Hewa inapita. Sauti za juu hazihitaji tundu kubwa. Hesabu yake ni rahisi: mwanya ukichukua sehemu moja kwa mia ya eneo la ukuta, ukuta wote hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ukiujenga kwa bodi kumi. Sehemu moja kwa elfu inakufunga kwenye 30. Chukua ukuta wa mita za mraba 9 wenye mlango wa sentimita 90. Mlango huo ukiachwa na pengo la sentimita 1 chini, kama mafundi wetu wanavyoacha ili usikwaruze vigae, pengo hilo peke yake ni sehemu moja kwa elfu. Ulilipia 50, unapata 30.

Kwa hiyo anza na mlango. Mlango wa flashi ulio mtupu ndani haufai. Unahitaji mzito, wa mbao nzima. Fremu yake izungushiwe mpira pande tatu, na chini kuwe na kizingiti ambacho mlango unakibana unapofungwa. Ukifunga karatasi kati ya mlango na mpira, kisha karatasi ikavutika bila kukaza, mpira hapo haufanyi kazi. Sogeza bamba la kitasa au bawaba.

Kisha tazama chini ya bodi. Sakafu za vyumba hivi ni zege lililosawazishwa kwa mkono, haziko sawa, na mbao ya chini inakaa juu ya vilima na mabonde. Bodi nayo haipaswi kugusa sakafu. Iachwe milimita 10 hivi, na pengo hilo lijazwe sili inayobaki laini, si plasta wala jipsamu ya kuziba nyufa. Plasta inapasuka jengo likicheza kidogo, na mwanya unarudi. Chini ya mbao yenyewe piga mistari miwili ya sili kabla ya kuifunga. Kama ilishafungwa, ziba pande zote mbili.

Soketi ndizo zinazosahaulika zaidi. Fundi umeme anapenda kuweka soketi ya ndani na ya nje mgongo kwa mgongo ili waya uwe mfupi, na hapo anatoboa tundu moja linalopita ukuta mzima. Zisogeze ziwe mbali, angalau nguzo mbili kati yake, na kila kisanduku kizibwe kwa sili nyuma na pale waya unapoingilia.

Mwisho kuna matundu ya hewa. Majengo yetu mengi yana bloku za matundu juu ya dirisha au juu ya mlango, na katika chumba cha chini mara nyingi ndizo njia pekee ya hewa. Nitazirudia kwa sababu kuziziba tu kunaleta shida nyingine.

Ukigonga upande mmoja, upande wa pili unasikia kama ubao ni mmoja

Hii ndiyo dalili ninayoikuta zaidi, na chanzo chake karibu kila mara ni ustadi wa fundi uliowekwa mahali pasipouhitaji. Fundi wa partisheni amejua tangu uanagenzi kwamba nguzo zisizo na noging, vile vipande vya mbao vinavyolala kati ya nguzo na nguzo, hupinda. Anaona nguzo zimesimama bila kushikana, anaona kazi haijaisha. Anakata vipande vya 4 kwa 2 na kuvigongelea kati ya nguzo moja na inayoifuata. Inayoifuata ni ya mstari wa pili. Kwa misumari minne amezifunga pande mbili pamoja, na amefanya hivyo katika kila nafasi, urefu wote wa ukuta, kwa kimo cha futi nne. Ukimuuliza atakwambia kwa haki yake kabisa, "Mkubwa, hii sasa haitikisiki." Ni kweli haitikisiki. Kutotikisika huko ndiko kunakovusha sauti.

Noging inaruhusiwa, lakini ndani ya mstari mmoja tu, na hapa vipimo ni vya kuangalia kwa makini. Nguzo ya mstari wa pili imesimama katikati ya nafasi, inchi 2 nyuma ya bodi yako. Ukiweka noging ya 2 kwa 2 kutoka nguzo hadi nguzo ya mstari wako, mgongo wake utaigusa nguzo hiyo. Tumia 2 kwa 1 iliyolala bapa, upande mpana ukitazama bodi. Inabaki inchi moja ya usalama, na bodi ina mahali pa kushikia.

Ili kujua kama noging zimo bila kubomoa, pitisha sumaku ndogo kwenye bodi kwa kimo cha kati. Skurubu zikijitokeza kwa mstari uliolala kati ya nguzo na nguzo, kuna mbao hapo. Uhakika unapatikana kwa kukata tundu la ukubwa wa soketi na kuingiza kamera ya simu na taa yake. Zikiwemo, fungua ukanda wa bodi wa futi moja upande ambao ukarabati hautaonekana sana, toa pamba, na ukate kila noging mara mbili ili kipande cha katikati kitoke kabisa. Kukata mara moja hakutoshi; ncha mbili zilizokatwa kwa msumeno mwembamba zinaendelea kukwaruzana. Rudisha pamba, rudisha bodi, bandika utepe, ziba.

Sababu ya pili ni mbao yenyewe. Saiprasi inayouzwa Elburgon na Molo, na inayoletwa hadi Kisumu kwa lori, mara nyingi imetoka kwenye msumeno juzi. Ukiinua moja unajua kwa uzito wake, na ukiikata vumbi linashikana mkononi. Mbao hiyo ikisimamishwa mbichi na kufungiwa ndani ya ukuta wa joto, inakaukia humo: inapinda, inajisokota, na inasinyaa. Vichwa vya skurubu vinaanza kuchomoza chini ya rangi baada ya miezi michache; hiyo ni ishara ya nje. Ya ndani ni nguzo iliyojipinda katikati na kuegemea bodi ya upande usio wake. Hatari inaongezeka kama duka halikuwa na 6 kwa 2 na fundi akakubali 5 kwa 2, kwa kuwa nafasi ilishapungua hadi inchi 1, au kama mbao ya chini ilipigwa randa pande zote. Panga mbao kwenye kivuli penye upepo, na vijiti kati ya safu na safu, wiki kadhaa kabla ya kuzitumia. Kabla ya kusimamisha kila nguzo, itazame kwa jicho kutoka ncha moja; iliyopinda igeuze upinde wake uelekee bodi yake mwenyewe, na iliyojisokota ikatie vipande vya 2 kwa 1.

Nguzo iliyokwisha kuegemea inapatikana kwa lile jaribio la kugonga, kwani mlio unabadilika mahali pamoja tu, wima. Fungua hapo. Wakati mwingine kuparuza mgongo wa nguzo kwa randa ya umeme kunatosha.

Sababu nyingine huja baada ya fundi kuondoka. Mwenye studio anatundika spika au rafu. Bodi mbili ni milimita 24 au 25, nafasi ni milimita 50, kwa hiyo skurubu ya inchi 4 iliyokosa nguzo yake inaweza kuingia moja kwa moja kwenye nguzo ya upande wa pili. Chomoa. Na hata skurubu ikiwa fupi, spika iliyofungwa ukutani inatikisa bodi kwa mkono wake yenyewe. Isimamishe sakafuni, juu ya mpira.

Tazama pia miisho ya ukuta. Nguzo ya mwisho, pale ukuta unapokutana na mawe, inatakiwa iwe mbili, kila upande na yake. Fundi anayebana mbao anasimamisha 6 kwa 2 moja inayoshika bodi zote mbili. Vivyo hivyo kwenye fremu ya mlango. Mlangoni kuna sehemu ambayo huwezi kuikwepa kabisa, ndiyo maana anayetaka ukimya wa kweli anaweka milango miwili, kila mmoja kwenye fremu yake, na nafasi kati yake.

Maneno hayasikiki tena, lakini besi na ngoma zinapita

Hapa usimlaumu fundi kwanza. Kiwango cha STC hupimwa kuanzia hezi 125, yaani mitetemo 125 kwa sekunde, kwenda juu. Uzi mnene wa gitaa la besi uko kwenye 41, na teke la ngoma kubwa liko kati ya 50 na 100. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya bodi haizungumzii sauti hizo kabisa.

Bodi mbili zenye hewa katikati huwa na mlio wao wa asili, na kwenye mlio huo ukuta unaachia sauti zaidi kuliko kawaida. Kwa bodi moja moja ya milimita 12, yenye kilo 9 hivi kwa mita ya mraba, na uwazi wa inchi 6, mlio huo uko karibu hezi 70, pale hasa besi ya benga inapotembea. Ukiweka bodi mbili kila upande unashuka hadi karibu 50, na pamba inaushusha zaidi na kuulegeza. Hivyo, kama umeshahakikisha pande hazigusani na hewa haipiti, sasa ndipo bodi ya pili inapolipa, na iwekwe pande zote mbili. Viungo vya bodi ya pili visikae juu ya viungo vya ya kwanza.

Angalia kilichojazwa ndani. Nimekuta kuta zilizojazwa polisterini nyeupe, ile ya kufungia televisheni. Ni nyepesi, ni ngumu, imefunga hewa ndani yake, na haimezi sauti. Ikibanwa kati ya bodi mbili inakuwa daraja. Kinachotakiwa ni pamba ya madini au ya kioo, iliyojaza bila kushindiliwa.

Kuna kosa moja la besi ambalo linaumiza kwa sababu mwenye nyumba amelipa zaidi ili apate kidogo. Ana ukuta wa mawe tayari, uliopigwa plasta. Anasoma kuhusu nguzo zinazopishana, anajenga ukuta mzima wa mbao mbele ya mawe, bodi pande zote mbili, pengo la inchi moja kati ya bodi ya nyuma na mawe. Sasa kuna tabaka tatu: mawe, bodi, bodi. Lile pengo la inchi moja linatengeneza mlio wa asili karibu hezi 125, na besi za juu zinapita vizuri kuliko mwanzo. Nguzo za kupishana ni za mahali pasipo na ukuta. Penye mawe, simamisha mstari mmoja wa 4 kwa 2 usiogusa mawe, ukiacha inchi moja nyuma yake, weka pamba, na bodi upande wa chumba peke yake. Uwazi sasa ni inchi 5, na mlio unashuka chini ya 60. Kwa bodi mbili unafika 40. Ni mbao chache, bodi chache, na kazi bora. Aliyekwisha kujenga avue bodi zote na pamba, atoe zile za nyuma, na kurudisha za mbele.

Ukuta umetulia, lakini aliye juu bado anagonga sakafu kwa fimbo

Sauti imeuzunguka ukuta. Slabu ya zege inazuia vizuri sauti inayosafiri hewani, lakini ikitikiswa yenyewe inabeba mtikisiko hadi vyumba vingine. Weka kiganja kwenye slabu, kwenye kolamu na sakafuni wakati besi inapiga. Mahali unapohisi mtetemo mkali kuliko ukutani ndipo pa kushughulikia. Mara nyingi ni spika ya besi iliyokaa kwenye zege, au ngoma zilizopangwa juu ya vigae. Jukwaa dogo la mbao lililolazwa juu ya vipande vya mpira mzito wa tairi au sponji ngumu linakata sehemu kubwa ya shida hiyo, na linajengwa kwa siku moja.

Kelele ikitoka juu kuja chini, viti vinavyoburutwa, kinu kinachotwangwa, dawa yake iko juu kuliko ilivyo chini. Zulia nene na mpira kwenye miguu ya viti kwa mpangaji wa juu vinashinda dari yoyote utakayofunga. Ikibidi dari, isifungwe moja kwa moja kwenye slabu wala kuegemezwa juu ya ukuta mpya, bali ining'inie kwenye vishikio vyenye mpira, pamba juu yake.

Trei za mayai na sponji

Zinapunguza kidogo tu mwangwi ndani ya chumba, na mwangwi ukipungua mwimbaji anadhani sauti haitoki. Jirani hajaona tofauti, kwa kuwa trei haina uzito na hewa inaipenya. Trei ni karatasi kavu. Katika chumba cha chini chenye nyaya nyingi na mlango mmoja, ni kuni zilizobandikwa ukutani. Ziondoeni leo, hata kama hamtafanya jambo jingine lolote katika mwongozo huu.

Chini ya bodi kumevimba, kuna harufu ya uvundo, na sauti imeanza kurudi

Unyevu. Kisumu hewa yenyewe ni nzito, na penye udongo mweusi maji hukaa muda mrefu baada ya mvua za masika. Jipsamu iliyolowa inalegea kwenye skurubu, inashuka, na mianya uliyoziba inafunguka. Unga mweupe wa chumvi kwenye mawe unaonyesha kwamba maji yanapita ukutani.

Ili kujua maji yanatoka wapi, bandika kipande cha polithini cha futi mbili kwa mbili kwenye mawe makavu, ukiziba kingo zote kwa utepe, na uache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya polithini, ukuta unavuja: shughulikia nje kwanza, mifereji, maji ya paa, na kimo cha udongo. Matone yakiwa mbele, ni unyevu wa hewa ya chumba, na unahitaji mzunguko wa hewa. Hakuna bodi inayotakiwa kupanda kabla jibu halijapatikana. Mbao ya sakafuni iwe imetiwa dawa ya mchwa na kuoza, na ilale juu ya kipande cha karatasi ya lami inayotumika kwenye msingi.

Chumba kimenyamaza, lakini hakikaliki

Waliofanikiwa kuziba kila kitu hukutana na hili ndani ya saa moja. Watu watano, amplifaya na joto la Kisumu. Mtu anafungua mlango, na ukuta wote umekuwa bure. Hewa inatakiwa iingie na itoke kupitia masanduku ya mbao nzito yaliyowekwa pamba ndani, yenye kona mbili au zaidi, kimoja cha kuingiza chini na kingine cha kutoa juu upande wa mbali, na feni inayozunguka polepole. Bloku za matundu zinazibwa baada ya masanduku kukamilika, si kabla. Na jenereta haliingii katika chumba hiki wala kwenye korido yake, hata umeme ukikatika katikati ya kurekodi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala.

Kila kitu kimerekebishwa, na jirani bado ana haki ya kulalamika

Fanya hesabu kwa namba za sheria. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinaweka kikomo cha desibeli 45 ndani ya makazi mchana, na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo unaanza saa mbili na dakika moja. Ngoma kamili ndani ya chumba inafika 105 bila shida. Ukuta mzuri wa nguzo za kupishana ukizuia 50, zinabaki 55. Mbao ya juu na ya chini zinashirikiwa na pande zote mbili, na hapo ndipo ukuta huu unapofikia mwisho wa uwezo wake.

Anayepiga ngoma usiku karibu na watu waliolala anahitaji mistari miwili iliyoachana kabisa: 4 kwa 2 kila upande, kila mmoja na mbao yake ya chini na ya juu, inchi moja kati ya mbao hizo, bodi mbili kwenye nyuso za nje na hakuna bodi katikati. Unachukua takriban inchi 11 za chumba badala ya 8, na kiwango cha STC kinakaribia 60. Bado mbele ya ngoma hiyo zinabaki 45, yaani kikomo cha mchana, na besi inaweza kuzidi hapo. Kwa kazi ya usiku, wekeni ngoma za umeme zenye vipokea sauti vya masikioni, na ngoma za ngozi zipigwe kabla ya saa mbili.